Mwaka Nilioomba Mvua Ifungwe

Mimi sikuomba kuingizwa kwenye lile kundi la wasapu. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu hapa Same mjini, nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu, mara simu ikaanza kulia mfululizo, nami nikaichukua kwa hasira nikidhani ni wale wa bahati nasibu. Kumbe ni Elibariki, mwanafunzi wangu wa zamani, amenikusanyia darasa zima la kumbukumbu. Kundi limeitwa Watoto wa Nyota. Picha yake ni ya zamani, vijana kumi na wawili wamejipanga mbele ya ukuta wa mabanzi wakiwa na masweta yaliyowazidi, na mimi katikati, msichana wa miaka ishirini, nimekumbatia darubini kana kwamba nimeizaa. Pembeni kabisa, nusu ya mwili wake imekatwa, yuko mwanamke mwenye kitambaa kichwani na mwiko mkononi. Salamu zikamiminika. Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu Eliwaza, umetuonyesha mbingu wewe, hatukusahau. Nilijibu marahaba kumi na mbili, nikatuma na ua. Halafu Elibariki akatuma sauti, anacheka: "Mwalimu, tunakutana Same mwezi ujao, tunapanda tena mlimani, safari hii darubini ni ya kwangu mwenyewe. Na lazima utusimulie ile ya mama wa jikoni aliyefunga mvua!" Nikaiweka simu kifudifudi mezani. Madaftari yale sikuyasahihisha tena siku hiyo.

Watu wengi wanaonisikia nikifundisha wanadhani mimi ni mtu wa kusema kweli. Nimejijengea jina hilo kwa makusudi, tena kwa bidii, na wanafunzi wangu wanajua kwamba uongo mdogo kwangu ni kesi. Wasichojua ni kwamba ukali huo una chanzo chake, nacho si kizuri. Nilikaa mwaka mmoja tu kule juu, katika kijiji cha milima ya Upare ambacho sitakitaja kwa sababu wenyewe bado wapo na hawakunikosea kitu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na shule ya sekondari ya kule ilikuwa haina mtu wa fizikia. Nikapewa chaki, chumba na jina la mwalimu, vyote siku moja. Chumba kilikuwa nyumbani kwa Mama Nakunda, mpishi wa shule, mjane wa miaka kama hamsini hivi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao linalofunguliwa kwa fimbo, na ukuta wa mbao uliotenganisha kitanda changu na sebule yao kwa unene wa kidole. Kila walichosema yeye na binti yake Nakunda nilikisikia, na nadhani kila nilichoota walikisikia wao.

Jikoni kwake ndiko nilikojifunza kukaa. Asubuhi aliponda tangawizi kwa jiwe, akaitia kwenye chai mpaka ikawasha koo, kisha akanitazama nikikohoa na kusema, "Kunywa, mtu wa Makanya. Huko kwenu mnakunywa vumbi." Mimi ni wa Makanya kweli, na hilo nalitaja kwa sababu linaongeza aibu yangu. Sisi wa tambarare tunajua mvua ni nini. Nimekua nikiona watu wazima wakisimama uani wanatazama wingu linapita kwenda milimani, kisha wanarudi ndani. Mtoto aliyelelewa namna hiyo, kati ya watu wote, ndiye aliyekwenda kuomba mvua izuiwe. Mama Nakunda jioni alipika makande, mahindi na maharage yaliyoiva taratibu tangu mchana, akayamiminia maziwa, na alikuwa akinipakulia kwanza kabla ya binti yake. "Huyu ni mgeni, na tena ni mwanangu," alikuwa akisema. Nakunda hakuona vibaya. Akili yake yote ilikuwa kwenye harusi yake, iliyopangwa kufungwa kanisani baada ya Krismasi, na mchumba wake alikuwa mkulima wa mpunga wa Kihurio. Mama naye alikuwa amemshonea mwanaye gauni kwa kitambaa alichokitunza miaka, na kila Jumapili baada ya ibada alibaki na kwaya kuwafundisha wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Sauti ya pili ilikuwa yake. Walisema hakuna mwingine wa kuishika.

Sasa habari ya nyota. Nilipoanzisha chama cha sayansi nilikuwa na maneno mengi kuliko vifaa. Miezi miwili nilikaa nawahubiria wale vijana habari za Mshtarii, kwamba ni sayari kubwa kuliko zote, kwamba ina miezi minne ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho yake akiwa na darubini. Nikawaahidi wataiona. Walimu wenzangu wakanicheka, wakaniita Mwalimu wa Mawinguni. Nikamwandikia barua mwalimu wangu wa zamani wa fizikia hapa Same, mwenye darubini yake binafsi, nikambembeleza, naye akakubali kuniazima kwa wiki moja tu. Ikapanda mlimani juu ya gari la kubebea tangawizi, imeviringishwa blanketi mbili. Na wiki hiyohiyo vuli ikakolea. Jumatatu ukungu, Jumanne mvua, Jumatano ukungu mzito hata mlingoti wa bendera hauonekani, Alhamisi mvua tena. Kila jioni vijana kumi na wawili walisimama uwanjani na masweta yao, shingo zimeinuka, na mimi nikisema, "Subirini kidogo, linapita hilo." Halikupita. Jumamosi asubuhi gari lilikuwa linashuka, na darubini ilikuwa lazima ishuke nalo.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa mtihani na si wa mbingu, lakini Ijumaa akanihurumia. Akaturuhusu tupande hadi kwenye shule ya msingi iliyo juu ya mgongo wa mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mahali ambapo wakati mwingine ukungu hubaki chini. Masharti ni kwamba Mama Nakunda aende nasi, apike na awaangalie wasichana. Tukapanda. Njia ilikuwa tope tupu, tukipokezana darubini kama maiti, na Mama nyuma na sufuria kichwani akiimba sauti yake ya pili peke yake. Tulifika saa kumi na moja jioni, wingu limekaa juu yetu. Vijana wakasogeza madawati ya darasa moja, wakatandika. Saa kumi na mbili manyunyu yakaanza. Nikaona Elibariki, mdogo kuliko wote, ameketi juu ya dawati na daftari lake limefunguliwa kwenye ukurasa alioandika kwa wino mwekundu "Nilichokiona", na chini yake hakuna kitu. Hakulalamika. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililonichoma. Nikatoka, nikaenda jikoni, kibanda cha mabanzi nyuma ya darasa.

Nitayasema yaliyosemwa kule kama yalivyosemwa, maana mara ya kwanza niliposimulia niliyakata.

"Mama," nilimwambia, "watu wanasema baba yako alikuwa na mvua."

"Watu wanasema mengi." Alikuwa akikoroga, hakunitazama. "Alikuwa nayo. Alipobatizwa akaiacha nje ya mlango, kama mtu anavyoacha viatu."

"Lakini wewe ulimwona akiifunga?"

"Nilikuwa mtoto. Nilimwona anafunika chungu. Basi."

"Mama, hebu jaribu."

Hapo akageuka. "Ala! Wewe, mwalimu wa sayansi, unaniambia mimi?"

"Usiku mmoja tu. Saa mbili tu, mama, hata moja. Gari linashuka kesho."

"Mwanangu, mimi ni mwanakwaya. Nakunda anafunga ndoa baada ya Krismasi. Unajua wazee wa kanisa wakisikia neno kama hilo watanifanya nini?"

"Nani atawaambia? Tuko wawili hapa."

Akakataa. Nikarudia. Akakataa tena, safari hii kwa ukali, akaniambia nitoke nisije nikanukia moshi. Ndipo nikaanza kulia. Nataka ijulikane kwamba sikulia kwa ajili ya wale watoto. Nililia kwa sababu Jumatatu ningeingia chumba cha walimu na kuitwa tena Mwalimu wa Mawinguni. Machozi ya aibu ndogo tu. Lakini yeye hakujua, aliona msichana analia kwenye moshi wa kuni zake, akaweka mwiko chini. Akachukua chungu kidogo alichobebea chumvi, akamimina chumvi kwenye jani, akakifunika kifudifudi kwenye majivu kando ya mafiga, akasema maneno machache kwa Kipare, chinichini. Mpaka leo sijui kama yalikuwa ya baba yake au ni Baba Yetu. Kisha akafuta mikono kwenye kanga. "Haya. Hicho ndicho nilichokiona. Mimi sijui kama ni kitu. Nimefanya ili unyamaze ule." Halafu akanyoosha kidole. "Na lisitoke humu." Nikaapa. Nikala makande sahani mbili.

Saa tatu upepo ukageuka. Mawingu yakateremka, yakashuka chini yetu kabisa, na juu pakawa peupe kwa nyota kiasi kwamba wasichana walipiga kelele. Nikaielekeza darubini, na Mshtarii akaja, duara dogo jeupe, na kando yake vinukta vinne vimejipanga. Mmoja mmoja waliinama. Naetwe, msichana aliyekuwa kiongozi wao, alitazama muda mrefu mpaka wakamsukuma. Elibariki alitazama, akarudi kwenye mstari, akatazama tena, akaandika gizani bila kuona anachoandika. Mama Nakunda naye nikamwita. Akafumba jicho moja kwa kiganja, akainama, kisha akasema, "Hivyo vinukta vinne ndivyo vilivyotupandisha tope lote lile?" Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Lakini alikaa kwenye lile jicho la kioo kuliko mtu yeyote, na alipoinuka alisema polepole, "Jamani, Mungu ana mengi." Nimeona nyota mara nyingi tangu hapo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na hiyo nayo inaniuma, kwamba furaha ilikuwa ya kweli.

Jumatatu, chumba cha walimu. Chai ya tangawizi, viazi vitamu kwenye karai, vumbi la chaki kwenye kila kitu. "Haya, Mwalimu wa Mawinguni, mmeona nini?" Nikawasimulia Mshtarii, wakaguna tu. Mwalimu mmoja akasema tulibahatisha. Basi mimi, kwa kutaka kuwachekesha, kwa kutaka tu wanisikilize, nikasema, "Bahati gani? Mama wa jikoni alifunika chungu chake cha chumvi, mvua ikakimbia!" Nikaigiza alivyofuta mikono, alivyonong'ona. Wakavunjika mbavu. Mwalimu wa hesabu alimwaga chai. Sikusema kwamba nilimwomba, wala kwamba nililia. Mwalimu wa sayansi anayemlilia mpishi amfungie mvua angekuwa kichekesho yeye, na mimi nilitaka kichekesho kiwe mwingine. Ilinichukua dakika tatu kusimulia. Kengele ikalia, nikaenda kufundisha.

Mvua haikurudi. Wiki ya kwanza watu walifurahia kuanika maharage. Ya pili wakaanza kutazama juu. Ya tatu mahindi yalikuwa yamefika magotini na yameviringisha majani, na mchirizi ulionyweshea bustani za bondeni ukawa tope. Kwetu Makanya jua la wiki tatu ni jambo la kawaida, halitikisi mtu. Kule juu watu walikuwa hawajazoea, waliingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta mwenye kosa. Kichekesho changu kilikuwa kimeshatoka chumba cha walimu siku nyingi, kimepita sokoni, kimeshuka hadi kwenye bomba. Niko njiani na ndoo jioni moja, wanawake wawili mbele yangu hawajui nipo. "Mvua imefungwa, na aliyeifunga hajaifungua." "Nani?" "Huyuhuyu anayewapikia watoto wetu. Baba yake alikuwa vilevile." "Na bado anaimba kwaya!" Nikapunguza mwendo ili wasinione. Hicho ndicho nilichofanya, nilipunguza mwendo.

Wazee wa kanisa walikuja shuleni siku ya Jumatano. Ofisi ya mkuu ilikuwa ndogo, kabati, meza, kalenda, viti vinne. Mzee Eliakimu, aliyewaongoza, alikuwa mtu mpole, fundi seremala, na alijua ubaya wa kazi aliyokuja kuifanya. Mama Nakunda alisimama karibu na mlango, na aproni yake ya jikoni. Akaulizwa kama alifunika chungu. Akasema ndiyo. Akaulizwa kwa nini. Akafuta mikono kwenye aproni. Mzee Eliakimu akanigeukia mimi, kwa heshima zote.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa kiongozi wa safari. Kuna mtu yeyote aliyemwomba huyu mama afanye jambo lile? Maana kama aliombwa, neno linakuwa jingine."

Mlango ulikuwa wazi kabisa, jamani. Mzee wa watu alinifungulia mwenyewe. Nikasema, "Mimi nilikuwa na wanafunzi, naandaa darubini. Mambo ya jikoni sikuyafuatilia."

Mama hakunitazama. Alitazama kalenda. Mzee Eliakimu akamuuliza, "Mama Nakunda, ulitumwa?" Akajibu, "Nilijituma." Wakamtenga. Hakuruhusiwa meza ya Bwana, hakuruhusiwa kwaya, na hakuruhusiwa kumsindikiza mwanaye madhabahuni mpaka atakapotubu mbele ya usharika na kurudishwa kundini. Wiki hiyohiyo shule ikampa jiko mtu mwingine. Kutoka Kihurio wakwe watarajiwa wakatuma watu kuuliza ni nyumba ya namna gani wanayooa, wao ambao wana mifereji na mpunga wao unanyweshewa mwaka mzima. Na jioni, nyumbani, mlango wa chumba changu ukagongwa. "Mwalimu, chakula." Nilisubiri neno jingine. Halikuja. Toka siku ile hakuniita mwanangu tena, aliniita mwalimu, kwa adabu, hadi nilipoondoka. Nikatoka, nikaketi, nikala. Angenitukana ningekuwa na la kushika. Alinipakulia kwanza, kama kawaida, nami nikala mpaka nikamaliza.

Kutubu hakutaka. Nilimsikia kupitia ule ukuta wa mbao, usiku baada ya usiku, sauti yake na ya binti yake. "Nitubu nini? Kufunika chungu? Nikasimame mbele ya Mungu niseme nina nguvu ya kuzuia mvua yake? Huo ndio utakuwa uongo." Na Nakunda akilia: "Mama, sema tu. Sema tu yaishe. Nitaingiaje peke yangu?" Mimi nimelala upande wa pili, mto nimeung'ata. Nikaanza kutunga sentensi. Nitasimama Jumapili, nitasema: Aliombwa, na aliyemwomba ni mimi. Maneno machache tu. Niliyarudia nikiwa shambani, nikiwa darasani, nikiwa chooni. Nilikuwa tayari kabisa, au ndivyo nilivyojiambia. Basi Alhamisi alasiri, bila onyo, mvua ikanyesha. Ilinyesha kama inadai. Watoto walikimbia uwanjani wakivua mashati, na mimi nikasimama kwenye kibaraza cha shule, nikahisi kifua kimefunguka, nikajisemea: yameisha. Hakuna haja tena. Watu watasahau.

Hawakusahau. Walisema, unaona, ametengwa, mvua imerudi. Na Jumapili Mama Nakunda akasimama kutubu, maana Krismasi ilikuwa wiki mbili mbele na gauni lilikuwa limepigwa pasi. Alivaa kitenge chake cha kwaya, nadhani hakuwa na kingine kizuri. Akaenda mbele. Na mvua ilikuwa inanyesha, inanyesha juu ya bati la kanisa kiasi kwamba huwezi kumsikia mtu aliye kando yako. Akasema kitu, midomo tu ikacheza. Mchungaji akaweka mkono sikioni: "Sauti, mama!" Akasema tena. Kutoka viti vya nyuma mtu akapaza sauti, "Hatusikii!" Mama akavuta pumzi, yule mwenye sauti ya pili isiyo na mfano, akapiga kelele kanisani: "Nilifunga mvua! Naomba mnisamehe!" Juu yetu bati linaunguruma. Vijana fulani wakacheka, wakakatazwa. Mchungaji, naye kwa kelele: "Kuna aliyekutuma?" Na yeye: "Hapana! Hakuna!" Nilikuwa benchi la tano upande wa kulia. Magoti yangu yalikuwa mazima. Nilijiambia hata nikisimama hawatanisikia, mvua hii. Wakaimba, wakamrudisha kundini, na mimi nikaimba nao.

Harusi ilifungwa. Alimsindikiza Nakunda hadi madhabahuni akiwa amemshika mkono, mgongo umenyooka, na kwaya iliimba bila sauti ya pili kwa sababu mwenye sauti hiyo alikuwa mama wa bibi harusi. Nilikula pilau, nikacheza. Jiko la shule hawakumrudishia. Katikati ya mwaka nikaitwa chuo, nikaondoka na kikapu cha tangawizi alichonifungia. Miaka baadaye nilimrudia mara moja, nimeolewa, nina kitenge kipya mkononi na ile sentensi mdomoni. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za watoto, akanieleza bei ya tangawizi imeshuka. Niliaga jua likiwa bado juu. Alipofariki nilituma rambirambi kwa simu na kusingizia mitihani.

Mwezi uliofuata tukakutana, hapa Same, kwenye ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni. Walikuja tisa kati ya kumi na wawili, watu wazima wenye vitambi na mvi, nimewazidi miaka minne tu na bado wananiamkia. Darubini ya Elibariki ilikuwa kwenye sanduku lake kando ya meza, mpya, inang'aa. Tulikuwa tupande kesho yake, lakini kutoka dirishani milima ilikuwa imefunikwa, na kila dakika tano mmoja alitazama simu yake na kutangaza utabiri tofauti. Mbuzi akaletwa, ndizi zikaletwa. Elibariki akasimama na soda yake: "Angekuwepo yule mama wa jikoni angetufungia hii mvua! Mwalimu, tusimulie."

Nikawasimulia. Safari hii sikukata. Nilianza na yale machozi, nikasema nilimwomba mara ngapi na alikataa mara ngapi, nikasema chumba cha walimu, nikasema ofisi, neno kwa neno, nikasema kanisani. Sauti yangu ya darasani iliniacha katikati, nikaendelea na iliyobaki. Nilipomaliza hakuna aliyegusa nyama. Nilisubiri washangae, na nitakuwa mkweli, nilisubiri pia mtu aniambie pole, ulikuwa mdogo.

Naetwe ndiye aliyezungumza, yule kiongozi wao, sasa ni muuguzi mkubwa tu na ana wajukuu.

"Mwalimu," alisema, "sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Lile jiko lilikuwa la mabanzi, lina mianya. Mimi na Elibariki tulikuwa tumetoka nje kukinga maji ya paa. Tulikusikia unavyomwomba. Tulikusikia mpaka ulipolia."

Nikamtazama Elibariki. Alikuwa ameketi, anazungusha chupa ya soda kwenye meza, hacheki tena.

"Miaka yote hii," nilisema. "Mbona hamkusema?"

"Tungesemaje, na wewe ndiye mwalimu?" Naetwe hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Ile Jumapili tulikuwa nyuma yako, benchi la sita. Mama aliposema hakuna aliyemtuma, Elibariki aliinuka. Mimi nikamvuta shati nikamkalisha. Nikamwambia, wewe tulia, mwalimu anasimama sasa hivi."